Halmoni wa New Malden na vita visivyokwisha

Waliosikiliza kipindi cha mwezi huu, kile cha lugha za bibi zetu, walinisikia nikitaja juu juu habari ya bibi mmoja Mkorea, halafu muda ukatuishia. Tangu hapo simu yangu haijatulia. "Ikawaje? Alikuwa akimwita nani?" Sawa. Leo naisimulia yote tangu mwanzo, manake bila kuvijua vita vyenyewe huwezi kuelewa kwa nini kijana mzima alilia dukani mbele ya rafu ya kabichi. Mwenye kisa amenipa ruhusa. Majina tumeyaacha, na mkifika mwisho mtajua sababu.

Tuanze na yeye. Kazini kwangu hapa London natazamana meza na rafiki yangu mmoja, tumekaribiana umri, thelathini na ushei. Mimi wazazi wangu ni watu wa Tanga. Wake walitoka Korea Kusini miaka ya 1980, baba yake akiwa ameletwa huku na kampuni. Sote wawili tumezaliwa hapa, tumesoma hapa, na sote tuna ugonjwa mmoja: lugha ya nyumbani tunaiweza jikoni, ikishatoka jikoni inatukimbia.

Kwao ni New Malden, kusini magharibi ya London, safari fupi tu ya treni kutoka Waterloo. Kama hujawahi kufika, nenda siku moja. Ukishuka stesheni unaona mabango ya Kikorea kila upande: saluni, kanisa, wakala wa nyumba, mikahawa, maduka ya vyakula yenye mitungi ya kimchi mikubwa kama ndoo. Wengi wa wakazi hao ni wa Kusini. Lakini wamo pia mamia ya watu waliotoroka Kaskazini. Yaani mtaa mmoja, duka moja, foleni moja, watu wa nchi mbili ambazo hadi leo hazijawahi kuandikiana mkataba wa amani.

Mara ya kwanza kukaribishwa kwao nilimkuta bibi yake kakaa kitini karibu na dirisha. Kila mtu alimwita Halmoni, neno la Kikorea la bibi, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nilitaka kumwamkia lakini shikamoo ningemwambia nani pale? Nikainama kama nilivyofundishwa. Akanitazama, akauliza jambo. Rafiki yangu akatafsiri: "Anauliza kama umekula." Nikajua nimefika kwa watu.

Mstari wa nusu saa

Turudi nyuma kidogo. Korea ilikuwa nchi moja kwa karne nyingi, lugha moja, watu wamoja. Mwaka 1910 Japani iliichukua na kuifanya koloni lake. Agosti 1945 Japani ilikuwa inashindwa vita, na majeshi ya Urusi ya Kisovieti tayari yalikuwa yanaingia Korea kutoka kaskazini. Wamarekani wakaogopa kwamba Warusi wataichukua yote.

Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Agosti, maofisa wawili wa jeshi huko Washington, Dean Rusk na Charles Bonesteel, waliambiwa watafute mahali pa kugawana. Walikuwa na ramani ya gazeti la National Geographic na muda wa kama nusu saa. Wakachagua mstari wa latitudo ya 38, kwa kuwa ulipita katikati na kuuacha mji mkuu, Seoul, upande wa Marekani. Hakuna Mkorea aliyekuwamo chumbani. Warusi wakakubali.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tukisikia habari ya wageni na rula juu ya ramani hatuhitaji kuelezwa sana. Tofauti ni kwamba mstari huu haukupita baina ya makabila wala falme. Ulipita katikati ya vijiji, mashamba na koo.

Ulipaswa kuwa wa muda tu. Lakini kila mkubwa akamlea mtu wake. Kusini mwa mstari alikaa Syngman Rhee, mpinga ukomunisti mkali. Kaskazini Kim Il Sung, kijana aliyepigana na Wajapani huko Manchuria. Mwaka 1948 kila upande ukatangaza jamhuri yake, na kila jamhuri ikadai kwamba Korea yote ni mali yake. Alfajiri ya tarehe 25 Juni 1950 majeshi ya Kaskazini yakavuka mstari.

Sitawachosha na kila pigano, ila ramani mnapaswa kuijua maana ndiyo iliyompata Halmoni. Siku tatu tu, Seoul ikaanguka. Kufika Agosti, Kusini ilikuwa imebanwa kwenye kipande kidogo kuzunguka bandari ya Busan. Septemba 15 Jenerali MacArthur akashusha majeshi Incheon, nyuma ya adui, na vita vikageuka. Majeshi ya Umoja wa Mataifa, mengi yakiwa ya Marekani, yakapanda kaskazini karibu na mpaka wa China. Humo walikuwamo Waingereza, na Waafrika pia: Ethiopia ilipeleka vikosi vya Kagnew, Afrika Kusini ikapeleka marubani. Ndipo Wachina wakaingia kwa mamia ya maelfu, na kila kitu kikarudi chini tena. Seoul peke yake ilibadilisha mikono mara nne.

Wengine mtauliza, sasa wema ni nani hapo? Mimi pia niliuliza. Kiangazi cha 1950 serikali ya Kusini iliwaua raia wake kwa makumi ya maelfu, watu walioandikishwa kwenye jumuiya iitwayo Bodo kwa kushukiwa kuwa wakomunisti, wengine wakulima tu walioahidiwa mchele. Majeshi ya Kaskazini nayo yaliua wafungwa na raia walipokuwa wanakimbia, kama kule Daejeon. Wanajeshi wa Marekani waliwapiga risasi wakimbizi chini ya daraja la No Gun Ri. Kila jeshi lilipoingia mjini liliuliza nani aliwapikia wenzao waliotoka jana. Ukiwa mama mwenye sufuria, utajibu nini?

"Siku tatu tu"

Halmoni alizaliwa 1936 karibu na mji wa Hamhung, mkoa wa Hamgyong, pwani ya mashariki upande wa Kaskazini. Desemba 1950 alikuwa na miaka kumi na minne. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yanarudi nyuma kwenye baridi kali hadi bandari ya Hungnam, na nyuma yao watu wa kawaida, wakiogopa nini kitawapata makomunisti wakirudi, na wakiogopa mabomu ya ndege za Marekani pia. Uvumi ulikuwepo kwamba bomu la atomiki litaangushwa.

Baba yake alisema waende bandarini wote. Lakini mdogo wake wa kiume, mwenye miaka sita, alikuwa na homa. Mama akaamua kubaki naye na nyanya yao mzee. Baba na Halmoni watangulie. "Siku tatu tu," mama alisema. "Homa ikishuka tutawafuata, au nyinyi mtarudi."

Hiyo "siku tatu" nimekuja kuisoma katika simulizi nyingi sana za Wakorea. Wengine ni siku tatu, wengine wiki moja. Hakuna aliyeaga. Nani anaaga kwa safari ya siku tatu?

Zaidi ya meli mia moja zilikusanyika Hungnam. Zilichukua askari wapatao 100,000, na mwishoni raia karibu idadi hiyo hiyo ambao hapo mwanzo hawakuwa kwenye mpango. Inayojulikana zaidi ni Meredith Victory, meli ya mizigo iliyotengenezwa kubeba abiria kumi na wawili. Nahodha wake, Leonard LaRue, alipakia watu 14,000. Walisimama kwenye ngama wamebanana, hakuna choo, hakuna maji, hakuna moto. Ilitia nanga kisiwa cha Geoje siku ya Krismasi. Hakuna aliyekufa, na njiani walizaliwa watoto watano. Baadaye LaRue aliacha bahari akawa mtawa. Wazazi wa Moon Jae-in, aliyekuja kuwa rais wa Kusini, walitoka Hungnam kwa uokoaji ule ule.

Halmoni hakuijua meli yake jina. Alikumbuka kwamba hakuweza kukaa, na kwamba alishika mkanda wa baba yake hadi vidole vikakakamaa. Tarehe 24 Desemba, meli za mwisho zilipoondoka, majeshi yakailipua bandari ili adui asiitumie. Watu waliobaki gatini waliona moshi tu.

Yeye na baba walifika Geoje. Vita vilipotulia kidogo baba akapanda tena kaskazini mpaka Sokcho, mji wa pwani ulio karibu na mpaka. Kabla ya vita Sokcho ilikuwa upande wa Kaskazini; baada ya vita ikajikuta Kusini. Wakimbizi wengi wa Hamgyong walijenga vibanda kwenye mchanga pale, mahali panapoitwa hadi leo kijiji cha Abai. "Abai" ni neno la kwao Hamgyong la kumwita mzee. Walichagua pale kwa sababu palikuwa karibu na nyumbani. Hawakujenga nyumba za maana. Nani anajenga nyumba ya maana mahali anapongojea?

Tarehe 27 Julai 1953 huko Panmunjom walisaini mkataba wa kusitisha mapigano. Rhee alikataa hata huo kusaini. Ukachorwa ukanda wa kilomita nne kwa upana, unaokata rasi yote kutoka bahari hadi bahari, kilomita kama 250, na ndani yake haruhusiwi mtu. Barua haikupita. Simu haikupita. Siku tatu za mama zikaanza kuhesabika kwa miaka.

Ndugu usiyemtaja

Sasa hapa ndipo pananiuma. Mwenzangu alikua akijua kwamba bibi yake ni mtu wa Sokcho. Basi. Habari ya mama na mdogo wake aliisikia akiwa na miaka kumi na minane, tena kwa bahati mbaya, shangazi karopoka mezani.

Mwanzoni alikasirika, akaona ameficha kitu. Baadaye akaelewa. Kusini, kwa miaka mingi, ukiwa na ndugu Kaskazini jina lako lilikuwa na doa. Walikuwa na mtindo wa kumwadhibu mtu kwa makosa ya ukoo wake: kazi ya serikali huipati, pasi ya kusafiria inazungushwa, polisi wanapita kuuliza habari. Kisheria mtindo huo uliondolewa mwaka 1980 tu. Kaskazini ilikuwa vivyo hivyo kwa upande wao, pengine zaidi. Mtu aliyekuwa na jamaa waliokimbilia Kusini aliwekwa daraja la chini, na daraja hilo lilifuata watoto na wajukuu: chuo gani, kazi gani, aishi wapi.

Kwa hiyo Halmoni akimtaja mdogo wake anawaharibia wanawe. Na mdogo wake, kama yuko hai, akimtaja dada yake anawaharibia wake. Kunyamaza kulikuwa ndiko kumpenda. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka wazee wetu wangapi tunaowaona wagumu, hawasemi, tunadhani hawana la kusema.

Mwaka 1983 kikatokea kitu. Televisheni ya taifa ya Kusini, KBS, usiku wa tarehe 30 Juni, iliandaa kipindi cha dakika tisini na tano cha kuwatafuta watu waliopotezana vitani ndani ya Kusini yenyewe. Simu zikafurika, wakashindwa kukifunga. Kiliendelea kwa siku 138, saa 453 na dakika 45 za matangazo ya moja kwa moja. Watu walisimama mbele ya kamera na kibao kifuani: jina, kijiji, kovu liko wapi, tulipotezana daraja gani. Nje ya jengo, uwanja mzima wa Yeouido ulifunikwa na karatasi. Familia 10,189 zilikutanishwa. Kumbukumbu zake ziliingizwa na UNESCO mwaka 2015 kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia.

Baba wa mwenzangu, wakati huo kijana, anakumbuka mama yake alikaa mbele ya televisheni usiku kucha kwa wiki nyingi. Akidhani mama analia kwa huruma tu ya watu wengine. Halmoni alijua wazi kwamba wa kwake hawawezi kutokea pale. Aliangalia hivyo hivyo.

Juni 2000 viongozi wa pande mbili, Kim Dae-jung na Kim Jong Il, wakakutana Pyongyang, na Agosti familia zikaruhusiwa kuonana. Watu zaidi ya 130,000 wa Kusini wamejiandikisha kwa miaka yote. Halmoni, wakati huo yuko New Malden tayari, aliandikishwa na mwanawe mkubwa aliyebaki Seoul. Kila zamu walichaguliwa watu kama mia tu kila upande, kompyuta ikichezesha kama bahati nasibu, ingawa wazee walipewa kipaumbele. Waliochaguliwa mara nyingi walipelekwa mlima wa Kumgang, wakaonana kwa siku tatu, jumla saa kumi na kitu, na wasimamizi walikuwepo. Halafu waliagana, na baada ya hapo hapakuwa na barua wala simu.

Siku tatu. Mwenzangu aliponieleza hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Serikali nazo zinawapa siku tatu."

Zamu za uso kwa uso zilikuwa ishirini na moja, ya mwisho Agosti 2018. Namba ya Halmoni haikuwahi kutoka.

Neno "ndugu"

Kuanzia mwaka 2022 Halmoni alianza kusahau. Kwanza miwani, halafu siku, halafu majina ya wajukuu. Kilichowashangaza ni lugha. Kikorea cha Kusini alichokiongea miaka sabini kilianza kubomoka, na chini yake kikatoka kingine: lahaja ya Hamgyong ya utotoni. Wanawe walikamata nusu. Mwenzangu, Kikorea chake cha jikoni, hakukamata kitu. Bibi yake alikuwa anazungumza kutwa, na yeye amekaa pembeni kama mtalii.

Na tofauti si lahaja tu. Miaka zaidi ya sabini bila barua imefanya kazi yake. Jina la ukoo ambalo Kusini ni Lee, Kaskazini linaandikwa na kutamkwa Ri. Mboga za majani Kusini huitwa chaeso, Kaskazini namsae. Kusini wamejaza maneno ya Kiingereza, na watu wanaotoroka Kaskazini wakifika Seoul hupotea kwenye menyu ya mkahawa. Tangu 2005 wanaisimu wa pande mbili walianza kutunga kamusi moja ya pamoja. Haijamalizika.

Lakini neno lililonishika ni moja: dongmu. Zamani lilikuwa neno tamu la kawaida, mwenzio, rafiki yako wa kucheza naye. Makomunisti wakalichukua, wakaanza kuitana dongmu katika chama na jeshi. Basi Kusini likawa neno la hatari. Watu waliliacha, wakabaki na jingine, chingu. Yaani vita viliwanyang'anya watu neno la rafiki.

Nikampigia mama simu kumweleza. Akacheka. "Mwanangu, sisi zama za Mwalimu kila mtu alikuwa Ndugu. Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, barua ya kuomba sukari unaanza na Ndugu." Nikamuuliza, sasa kama mngegawanywa nusu, nusu nyingine ikakatazwa kulitamka? Akanyamaza. Akasema, "Ningemwita nani ndugu yangu?"

Kwenye rafu ya kabichi

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mwaka juzi. Mwenzangu alimpeleka Halmoni kwa kiti cha magurudumu kwenye duka la vyakula, maana harufu za pale zilimtuliza. Walipofika kwenye kabichi, Halmoni alianza kupaza sauti. Maneno yale yale, mara nyingi, mkono mmoja umenyooka kama anayemshika mtu. Watu wakageuka. Mwenzangu akamwinamia, "Halmoni, nini? Unataka nini?" Alielewa neno moja tu: haraka.

Mama mmoja mfanyakazi wa duka alikuwa anapanga kabichi. Umri wa hamsini hivi. Akaacha kazi, akasikiliza, kisha akapiga magoti mbele ya kile kiti na kujibu kwa lugha ile ile. Halmoni akanyamaza papo hapo. Akauliza kitu. Yule mama akajibu tena, polepole. Halmoni akamshika sikio, kama unavyomshika mtoto mtundu, akatabasamu.

Alikuwa mtu wa Hamgyong. Wengi wa wanaotoroka Kaskazini hutoka mikoa ya huko, iliyo jirani na mpaka wa China.

Mwenzangu akamuuliza, kwa Kikorea chake cha kubabaisha, bibi amesema nini. Yule mama akamtafsiria: "Anasema, haraka, shika nguo yangu, usiachie, meli inajaa. Kisha akaniuliza kama nimefika. Nikamwambia, nimefika, dada."

Hapo ndipo alipolia. Nilimuuliza kwa nini hasa, maana si mtu wa kulia. Akasema mambo yalikuja matatu kwa pamoja. La kwanza, bibi yake alikuwa amebeba ile gati miaka sabini na kitu. La pili, aliyemwelewa si yeye mjukuu wa damu, ni mtu wa upande wa pili, ambaye baba yake mwenyewe miaka ya nyuma aliwahi kusema usizoeane nao, huwezi kujua nani katumwa. La tatu lilimsumbua zaidi: yule mama alimdanganya Halmoni. Hakuna aliyefika.

Alimuuliza juu ya hilo siku nyingine. Yule mama hakujitetea. Alisema yeye mwenyewe ameacha watu wake kule, na kama kuna mtu yeyote popote anawaambia "nimefika" kwa niaba yake, anamshukuru mtu huyo. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi sisemi. Ndiyo sababu hakuna majina humu wala picha. Aliowaacha bado wapo.

Tangu hapo yule mama alikuwa akija kwao Jumapili baada ya kanisa. Baba wa mwenzangu mwanzo alikaa chumba kingine. Wiki ya tatu alitoka na sahani ya matunda yaliyomenywa, akaiweka mezani, akarudi. Wiki ya tano akakaa. Mwenzangu alirekodi kwa simu. Zipo rekodi kumi na moja. Ndani yake kuna jina la mama, jina la nyanya, jina la kijiji, mti gani ulikuwa uani. Kuna jina la mdogo wake, lile la kwenye karatasi na lile la nyumbani, ambalo kwa Hamgyong, yule mama alieleza huku akicheka, ni kama kumwita mtoto "kichwa cha kiazi".

Kijiji chenyewe pengine hakipo. Hamhung na Hungnam zilibomolewa vibaya mno vitani, na baada ya 1953 Ujerumani Mashariki ndiyo iliyosaidia kuijenga upya Hamhung. Hata angerudi asingeijua njia.

Bakuli lenye kifuniko

Halmoni alifariki Februari 2025. Mwezi ule ule serikali ya Kusini ilitangaza kwamba Kaskazini inalibomoa jengo la kuonania familia pale Kumgang. Mwaka uliotangulia Kim Jong Un alisema wazi kwamba hana tena lengo la kuungana na Kusini, na Oktoba 2024 Kaskazini ililipua barabara zilizokuwa zinaziunganisha nchi mbili. Watu waliojiandikisha kuonana na ndugu zao, wengi zaidi sasa ni marehemu kuliko walio hai. Mstari wa nusu saa unaelekea kuwazika wote walioijua nchi kabla yake.

Oktoba walinikaribisha tena, sikukuu yao ya Chuseok, ambapo wanaandaa meza ya chakula kwa ajili ya wazee waliotangulia. Wali huwekwa kwenye bakuli lenye kifuniko, na wakati wa ibada kifuniko hufunuliwa ili marehemu ale. Palikuwa na bakuli la babu na la Halmoni. La mama yake Halmoni pia liliwekwa kwa mara ya kwanza, maana kwa hesabu ya miaka huyo hawezi kuwa hai.

Ukabaki ubishi wa mdogo mtu. Kama yu hai ana miaka themanini na moja. Ukimwekea bakuli la marehemu ni kama umemzika. Usipomwekea, ni nani mwingine duniani atakayemkumbuka upande huu? Walibishana nusu saa. Mwishowe yule mama wa dukani, ambaye naye alikuwa amealikwa, akachota wali, akaujaza bakuli, akalifunika, akaliweka pembeni ya la Halmoni. Ibada ikaanza, vifuniko vikafunuliwa kimoja kimoja. Hicho hakikuguswa.

Baadaye tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza mwenzangu bakuli lile watalifanya nini. Akasema wali atakula yeye kesho, akiupasha moto.

Kipindi kijacho atakuwa mgeni wetu, na amekubali tusikie dakika mbili za rekodi ya saba, ile ya mti wa uani. Kama na wewe una sauti ya mzee wako ambayo hujaielewa yote, tuandikie. Mama yangu amejitolea kusikiliza za Kitanga. Za Kingazija na Kibajuni tunatafuta mtu.